Papa na Chombo Kidogo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maneno haya ni kwa wanaotoka na ngarawa, mtumbwi, dau au boti ndogo ya faiba kwenda kumtafuta papa kwa mshipi, dhulumati au jarife, kuanzia Mtwara na Kilwa hadi Pemba, Vanga na Lamu. Hayawahusu watalii wanaovua kwenye boti kubwa zenye viti vya mikanda. Yanawahusu watu wawili, watatu au wanne ndani ya chombo ambacho ukingo wake uko shubiri mbili tatu tu juu ya maji.

Meno ya papa si hatari ya kwanza. Ya kwanza ni kamba. Ya pili ni uzito. Ya tatu ni haraka ya mtu anayetaka kumpakia samaki kabla hajafa. Meno hufuata baada ya hayo, na mara nyingi humkuta mtu akiwa amekaa ndani ya chombo chake mwenyewe. Masharti yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye mpangilio huo.

KABLA YA KUTOKA

Usitoke kwa sababu jirani ametoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa upepo na mawimbi. Usikilize, kisha uangalie mbingu kwa macho yako, na kimojawapo kikikataa, baki. Kusi hukaza Juni na Julai, na wakati huo mkondo wa bahari ya pwani yetu hukimbilia kaskazini kwa nguvu. Kati ya Pemba na bara kuna kina cha mamia ya mita, nanga haina pa kushika. Mashine ikizima pale, chombo kinachukuliwa kuelekea Kenya, na asiyeonekana mapema huenda mbali zaidi ya hapo. Papa anavuliwa sana mbali na miamba, kwenye maji ya kina, kwa hiyo mvuvi wa papa anayapuuza haya kwa hasara kubwa kuliko mvuvi wa changu.

Mwambie mtu mmoja wa nchi kavu mnakokwenda, mko wangapi, mnarudi lini, na ni saa ngapi aanze kupiga simu asipowaona. Awe mtu mmoja anayejua kwamba jukumu ni lake: mke, mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU), katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia. Ukisema umewaambia "watu wa diko", hujamwambia mtu. Wanaokwenda dago, wakalala wiki kadhaa kwenye visiwa, wafanye hivyo kila wanapohama kambi.

Beba maji ya kunywa ya siku mbili hata kama unarudi jioni. Beba upo wa kukumbia maji na mwingine wa akiba, kasia au kafi hata kama una mashine, tochi, kioo cha kumulika jua, na simu iliyofungwa ndani ya chupa ya mdomo mpana isiyoingiza maji. Mwenye redio ya VHF aiache chaneli 16 ikiwa wazi.

Jaketi la kujiokolea livaliwe. Lililowekwa chini ya tanga halimfikii mtu aliyevutwa na kamba, kwa sababu mtu huyo huondoka chomboni kabla hajamaliza kusema neno.

Usiende na papa peke yako. Mtu mmoja kwenye mtumbwi anaweza kuvua tasi, anaweza kuvua pweza, anaweza hata kumpata jodari akijaliwa. Akikutana na papa mkubwa hana mkono wa pili wa kushika kisu.

KISU

Weka visu viwili: kimoja omo, kimoja tezi. Viwe vikali, vifungwe mahali ambapo mkono unavifikia bila macho kutazama, na visifanye kazi nyingine yoyote. Kisu cha kukata kamba hakikati chambo, hakipari samaki, hakimenyi chungwa. Siku ya kukihitaji una muda wa pumzi moja, na kisu kilichobutuliwa na magamba hakitakata kamba ya nailoni iliyolowa.

Jua mahali pa kukata. Wavuvi wa papa huweka kipande cha waya karibu na ndoana, kwa kuwa papa hukata mshipi wa kawaida kwa meno. Kisu hakikati waya. Wa chomboni wote, hata yule kijana aliyepanda leo kwa mara ya kwanza, waonyeshwe kabla ya kuondoka waya unaishia wapi na kamba inaanzia wapi. Koleo la kukata waya nalo liwepo.

Kila mtu chomboni ana ruhusa ya kukata. Hili nalisema kwa nahodha. Kama kijana wako anaona mguu wa mwenzake umenaswa, kisha anageuka kukutazama kwanza ili apate idhini, basi wewe umeshindwa kazi ya unahodha kabla ya kung'oa nanga. Mwambie kwa maneno yako, asubuhi, mbele ya wenzake: ukiona mtu amenaswa, kata, tutazungumza baadaye.

KAMBA

Usizungushe mshipi mkononi. Usiufunge kiunoni. Usiufunge kwenye kidole cha mguu ili ukushtue ukilala. Papa anapogeuka kwenda chini, mzunguko ule unajikaza mwenyewe na hakuna misuli ya binadamu inayoufungua. Wapo wazee kwenye madiko yetu wasio na vidole viwili vitatu. Waulize walivipoteza vipi, na wengi watakuonyesha kamba.

Mshipi ukae ndani ya beseni, ndoo au kikapu, umepangwa kwa mizunguko inayotoka bila kushikana. Usiuache sakafuni. Usisimame ndani ya mizunguko yake, wala usiruke juu yake wakati unakimbia. Mshipi ukianza kukimbia, wote wakae chini na miguu yao iwe upande wa pili.

Vaa glavu nene, au vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwenye vidole. Glavu iwe ya kuvuka kwa urahisi. Iliyobana mkono ikinaswa kwenye ndoana inakwenda na mkono.

Mwisho wa mshipi ufungwe boya, usifungwe kwenye chombo. Hili ni sharti ninaloliona kubwa kuliko yote baada ya kisu, na ndilo linalovunjwa zaidi. Watu hufunga mwisho wa kamba kwenye mlingoti au kwenye kiti cha mtumbwi wakiogopa kupoteza kamba. Papa mwenye mita tatu akiivuta kutoka ubavuni, kinachopotea ni chombo chenyewe: ukingo unaingia majini, maji yanamiminika, na kamba iliyokusudiwa kuokoa mali inakizamisha kwa upande. Funga boya kubwa, la rangi inayoonekana mbali. Nguvu zikikuzidi, tupa boya baharini ulifuate taratibu. Papa atalivuta, atachoka, utalikuta. Kwa njia hiyo unapumzika wewe na anafanya kazi yeye, na ndoana yako huipotezi.

Ukilazimika kushikiza kamba kwenye chombo kwa muda, ishikize omo, kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Usiishikize ubavuni hata kidogo. Kwenye boti ya mashine usiishikize tezi, kwa sababu tezi ndiyo sehemu ya chini na yenye uzito, na wimbi likiingia kwa nyuma mashine inanyamaza. Pandisha mashine au iweke mbali na kamba. Pangaboi lililosokotwa na kamba yenye papa hai upande wa pili limekufungia kamba kwenye ileile tezi usiyotaka kuifunga.

Dhulumati ina ndoana nyingi, na hatari yake ni katika kuitupa zaidi kuliko katika kuivuta. Anayetupa awe mmoja, anayepiga kasia awe mwingine, na wa tatu asikaribie. Shati lenye mikono mirefu iliyolegea livuliwe. Wakati wa kuivuta, tazama mbele ya mkono wako: papa wa ndoana ya nne anaweza kuwa ametulia kabisa wakati unamtoa wa ndoana ya pili.

UBAVUNI

Usimpakie papa hai. Sharti hili halina nyongeza wala msamaha wa papa mdogo.

Papa hana mfupa. Kiunzi chake ni gegedu, na mwili wake unakunjika mpaka mdomo ukafika mkiani. Mtu anayemshika mkia akidhani yuko salama hajaujua mwili anaoushika. Ngozi yake ni msasa. Mafundi wa zamani waliitumia kulainishia mbao. Akijipiga kwenye mguu mtupu anauchuna. Mkia wa papa wa kilo 100 unavunja mfupa wa muundi, unavunja ubao wa kukalia, unatoboa faiba iliyochoka. Na ndani ya chombo kidogo hakuna pa kumkimbilia.

Subiri achoke. Chombo chenye mtu mwenye subira kinamshinda papa kwa kusogea naye. Akipanda juu akiwa bado ana nguvu, mpe kamba ashuke tena. Wavuvi wanaumia zaidi mara ya kwanza papa anapoonekana, kwa sababu wote wanasimama kumtazama, wote upande mmoja, na chombo kinalala. Nahodha apige kelele mapema: kaeni chini. Anayefanya kazi ni mmoja, wa pili anamsaidia akiwa amepiga magoti, wengine wanakaa upande wa pili kuweka mizani.

Kwenye ngarawa mlete kwa omo, mbele ya mirengu. Akiingia kati ya mrengu na ubavu, anazungusha kamba kwenye miti, na hapo huwezi kumvuta wala kumwachia.

Anza na mkia. Mpitishie tanzi la kamba nene kwenye shina la mkia, kwa kutumia upondo kulisogeza na si mkono, ulikaze, kisha uinue mkia kidogo juu ya maji. Papa asiye na mkia majini hana msukumo. Kichwa kibaki majini, mbali na ukingo. Ndipo rungu lifanye kazi yake: juu ya kichwa, katikati ya macho, kwa kishindo, mara kadhaa. Mkate matamvua damu itoke. Kisha ngoja, na baada ya kungoja, ngoja tena. Taya la papa linaweza kufunga muda mrefu baada ya mwili kutulia, na kichwa kilichokwisha kukatwa bado ni kitu cha kukiogopa. Usitie mkono mdomoni kutafuta ndoana. Kata kamba, ndoana utaitoa nchi kavu.

Damu hiyo inaita wengine. Tangu inapoanza kutiririka, hakuna anayenawa mikono ukingoni, hakuna anayening'iniza miguu, hakuna anayeingia majini kwa sababu yoyote.

Papa mzito kuliko mtu mzima usimpandishe hata akishafa. Mfunge ubavuni, kichwa mbele na mkia nyuma, kwa kamba mbili zenye mafundo ya kufunguka haraka, umkokote polepole. Njiani upepo ukikaza na chombo kikianza kunywa maji, mwachie. Usianze kufikiria bei yake.

JARIFE

Jarife hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kwa hiyo unavuta ukiwa umechoka, gizani, na hujui kilichomo. Washa taa kabla ya kugusa kamba ya kwanza, na usizime mpaka ya mwisho iingie.

Usipige mbizi kuokoa jarife lililoshika mwamba. Nyavu hizi ni ghali, najua, na zimenunuliwa kwa mkopo ambao mdai wake anakaa mtaa uleule. Lakini jarife lenye papa hai, au lenye samaki waliokufa ambao papa wengine wanakuja kuwala, si mahali pa mwili wa binadamu. Matundu yake ni mapana, kichwa kinapita na mkono unapita. Vuta kutoka pande mbalimbali, subiri maji yageuke, na likikataa kabisa kata kipande kilichonasa.

Angalia pia unategea wapi. Majarife ya kina kirefu huko Tanga yamewahi kumtoa silakanti, samaki aliyedhaniwa na wataalamu mpaka 1938 kwamba alikwisha kutoweka duniani, na kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Silakanti ya Tanga ikaundwa mwaka 2009. Nguva naye hufia humohumo, na kasa. Mnyama wa namna hiyo akiwa hai, kata wavu umwachie. Kasa aliyezimia mpumzishe kwenye kivuli kwanza, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko mwili.

WASIOGUSWA

Potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi, hana ubaya na mtu. Anakula vijidudu vya majini kwa kuchuja. Huko Kilindoni, Mafia, ameleta wageni na kipato akiwa hai. Akiingia wavuni, kata. Usimfunge, usimkokote, usimkalie mgongoni kupigwa picha.

Papa upanga amekaribia kutoweka katika bahari yetu. Kijana aliyezaliwa baada ya 2000 huenda hajamwona ila pua yake ukutani kwa babu. Ukimpata akiwa hai umrudishe, na umwambie afisa uvuvi ulimpata wapi.

Papa pingusi, mwenye kichwa cha nyundo, hufa upesi mno akinaswa. Pingusi wadogo hukaa kwenye ghuba na maji ya kina kifupi karibu na pwani, na ukiona jarife lako limetoa wengi wa urefu wa mkono, umetegea chumbani kwa watoto. Hamisha. Jamii yao inayopatikana zaidi kwetu iliwekwa mwaka 2019 kwenye daraja la walio hatarini kabisa katika orodha ya IUCN, na biashara ya mapezi yao kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Papa si dagaa. Anachelewa kukomaa, anabeba mimba kwa miezi mingi, anazaa wachache. Mwenye mimba akiwa bado ana uhai, kata waya karibu na mdomo, aende.

Usikate mapezi ukatupa mwili. Ni ukatili kwa mnyama na ni wizi wa chakula cha watu.

DAMU IKIMWAGIKA

Aliyeng'atwa alazwe chini hapohapo. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na kwa nguvu, usifunue kila mara kuchungulia. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na kubonyeza hakutoshi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyoni, si kwenye kiungo. Ingiza kijiti, zungusha mpaka damu ikome. Kumbuka saa uliyofunga na uiseme hospitali. Usilegeze njiani kwa huruma. Mfunike asipate baridi.

Usitie chumvi, mafuta ya taa, ugoro wala majivu. Usimpe pombe. Usimalizie kwanza kuvuta dhulumati. Geuza chombo.

Hata mchubuko mdogo wa jino au ngozi ya papa uoshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu apelekwe kuchomwa sindano ya pepopunda.

Chombo kikipinduka, shikeni chombo. Ngarawa iliyojaa maji bado inaelea na inaonekana; kichwa cha mtu hakionekani. Usiogelee kuifuata pwani unayoiona, iko mbali kuliko macho yanavyosema, na mkondo hauelekei huko.

NCHI KAVU

Mtumbue papa na umwoshe mapema. Damu na nyama ya papa zina urea, na akicheleweshwa inageuka harufu kali ya amonia ambayo haitoki kwa ndimu wala chumvi. Maini ya kutoa sifa ya kudeheni vyombo yatengwe na chakula. Usiwape watu maini ya papa mkubwa wayale. Mwaka 1993 huko Manakara, Madagaska, watu wengi waliugua baada ya kula papa mmoja, na makumi wakafariki. Upishi hauondoi sumu ya namna hiyo. Hata nyama ya papa wakubwa, wanaokusanya zebaki mwilini maisha yao yote, wajawazito na watoto wadogo waikwepe.

KWA MWENYE CHOMBO

Wewe unayekaa pwani ukingoja mgawo, masharti haya ni yako kuliko ya mabaharia. Nahodha hakati kamba kwa sababu anajua itahesabiwa. Kijana anapiga mbizi kwenye jarife kwa sababu ulishamkata mwenzake fedha za wavu uliochanika. Wanatoka siku ya upepo kwa sababu ulisema ukikaa leo, kesho nampa chombo mwingine. Watu wanakufa na hesabu hizo vichwani.

Nunua majaketi, nunua boya, nunua visu, na gharama hizo zitoke kwenye fungu la chombo, si kwenye fungu la watu. Usimtume mtu baharini kwa simu ukiwa hujatazama bahari. Na siku ya mgawo ujao, wote wakiwa wameketi, kabla hujagawa shilingi ya kwanza, tamka mbele yao kwamba kamba iliyokatwa, boya lililotupwa na papa aliyeachiwa kwa ajili ya usalama wa mtu havitaingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.